Walter Johnson

Walter Perry Johnson (6 Novemba 1887 – 10 Desemba 1946) alikuwa mchezaji wa besiboli kutoka nchi ya Marekani. Alicheza misimu 21, kuanzia mwaka 1907 hadi 1927, na muda wote huo alikuwa mrushaji wa timu moja tu, Washington Senators. Alishinda michezo 417, na katika historia ya ligi kuu za Marekani ni Cy Young peke yake aliyeshinda mingi zaidi. Michezo 110 aliimaliza bila kumruhusu mpinzani kupata hata pointi moja. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo.

Kwa sababu ya kasi ya mipira yake alipewa jina la utani la "Treni Kubwa". Wapigaji wengi wa zama zake waliogopa kusimama mbele yake. Hata hivyo Johnson hakuwa mtu wa kutisha kwa tabia. Alikuwa mpole, hakulewa wala kugombana na waamuzi, na yeye mwenyewe aliishi na hofu kwamba siku moja mpira wake ungeweza kumuua mtu. Hofu hizo mbili, ya wapigaji na ya mrushaji mwenyewe, ndizo zinazofanya maisha yake yakumbukwe tofauti na ya warushaji wengine wakali.

Kazi ya mrushaji

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 9 kila moja. Mchezo wa kawaida una awamu 9, na katika kila awamu kila timu hupata zamu ya kupiga na zamu ya kulinda uwanja. Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja na kurusha mpira kuelekea kwa mpigaji mwenye gongo, aliye umbali wa takriban mita 18.4. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, na nyuma ya mdakaji husimama mwamuzi.

Mpira ukipita katika eneo halali bila mpigaji kuupiga, au akiukosa kwa gongo lake, huhesabiwa straiki. Mpigaji mwenye straiki tatu hutolewa. Akiupiga vizuri hukimbia kwenda besi ya kwanza, kisha ya pili na ya tatu, na akirudi salama kwenye bamba la nyumbani alikoanzia, timu yake hupata pointi. Mpira ukimgonga mwilini, hupewa besi ya kwanza bure.

Tofauti na kriketi, mpira wa besiboli haudundi chini kabla ya kumfikia mpigaji. Una uzito wa takriban gramu 145 na ni mgumu. Mpira wa kasi hufika chini ya nusu sekunde baada ya kuachiliwa. Wakati wa Johnson wapigaji walivaa kofia za kitambaa tu. Kofia ngumu zilikuja kuwa za lazima miongo kadhaa baadaye. Kwa hiyo kusimama karibu na bamba kulikuwa jambo la hatari, na warushaji walilijua hilo. Wengi walirusha mpira karibu na kidevu au mbavu za mpigaji kwa makusudi ili arudi nyuma, kisha mpira uliofuata waliupeleka upande wa mbali ambako gongo lake halikufika. Mbinu hiyo ilionekana kuwa sehemu ya kawaida ya kazi.

Maisha ya awali

Johnson alizaliwa katika shamba karibu na mji mdogo wa Humboldt, jimbo la Kansas, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Frank na Minnie Johnson. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa na umri wa takriban miaka 14 familia ilihamia Olinda, kusini mwa California, eneo lililokuwa na visima vya mafuta. Huko ndiko alikoanza kucheza besiboli kwa bidii, katika timu za wafanyakazi wa mafuta na katika shule ya sekondari ya Fullerton. Katika mchezo mmoja wa shule dhidi ya Santa Ana, uliodumu awamu 15, aliwatoa wapigaji 27 kwa straiki.

Mwaka 1906 alikwenda kaskazini-magharibi kutafuta nafasi katika timu ya kulipwa ya Tacoma, lakini aliachwa. Akaishia Weiser, mji mdogo wa jimbo la Idaho, ambako alifanya kazi katika kampuni ya simu huku akiichezea timu ya mji. Habari za kijana mwenye mikono mirefu ambaye wapigaji hawakuweza kumgusa zilifika Washington kwa barua. Kocha wa Senators, Joe Cantillon, alimtuma mdakaji wake Cliff Blankenship, ambaye alikuwa majeruhi, aende kumtazama. Blankenship alimsajili mwaka 1907. Johnson alikuwa na umri wa miaka 19.

Kuanza katika ligi kuu

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa tarehe 2 Agosti 1907 dhidi ya Detroit Tigers. Timu hiyo ilikuwa na Ty Cobb, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa wapigaji bora kabisa wa historia. Wachezaji wa Detroit waliona mapema kwamba mipira ya kijana huyo haikupigika kwa nguvu. Wakaamua kuugusa mpira kwa gongo taratibu ili uanguke karibu, kisha wakimbie. Mbinu hiyo iliwasaidia, nao wakashinda kwa 3–2. Siku tano baadaye Johnson alipata ushindi wake wa kwanza dhidi ya Cleveland.

Senators ilikuwa miongoni mwa timu dhaifu kabisa za American League. Mwaka 1909 ilipoteza michezo 110, na Johnson peke yake alipoteza 25 ingawa alirusha vizuri. Wenzake mara nyingi walishindwa kumpatia pointi. Katika maisha yake yote ya uchezaji alihusika na michezo 64 iliyoisha kwa 1–0. Alishinda 38 na kupoteza 26. 

Jina lake lilienea Septemba 1908. Tarehe 4, 5 na 7 za mwezi huo aliwarushia New York Highlanders, timu ambayo baadaye iliitwa Yankees, michezo mitatu ndani ya siku nne. Tarehe 6 ilikuwa Jumapili na haukuchezwa mchezo. Katika michezo yote mitatu New York haikupata pointi hata moja. Alikuwa bado hajatimiza miaka 21.

Tarehe 14 Aprili 1910 Rais William Howard Taft alirusha mpira wa kufungua msimu jijini Washington, akiwa rais wa kwanza kufanya hivyo. Siku hiyo Johnson aliwashinda Philadelphia Athletics kwa 3–0 akiwaruhusu pigo moja tu.

Miaka ya kilele

Kuanzia 1910 hadi 1919 Johnson alishinda michezo 20 au zaidi kila msimu, miaka 10 mfululizo. Mwaka 1912 alishinda 33, kati yake 16 mfululizo. Msimu wa 1913 unahesabiwa kuwa mmoja wa misimu bora kabisa ya mrushaji yeyote: alishinda michezo 36, akapoteza 7, na wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila awamu 9 ulikuwa 1.14. Mwaka huo alirusha awamu 55 na theluthi mbili mfululizo bila mpinzani kupata pointi. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1968, ilipovunjwa na Don Drysdale wa Los Angeles Dodgers. Mwaka 1916 alirusha karibu awamu 370, na hakuna mpigaji hata mmoja aliyeupiga mpira wake kwa pigo la kuzunguka besi zote.

Tarehe 24 Juni 1914 alimwoa Hazel Lee Roberts, binti wa mbunge wa jimbo la Nevada. Mwishoni mwa mwaka huo alikubali kuhamia timu ya Chicago katika Federal League, ligi mpya iliyowavutia wachezaji kwa mishahara mikubwa. Clark Griffith, kocha wa Senators na baadaye mmiliki wake, alimrudisha Washington. Sehemu ya fedha za kumbakiza zilitoka kwa Charles Comiskey, mmiliki wa timu ya White Sox, ambaye hakutaka mrushaji huyo avutie watazamaji katika jiji lake mwenyewe.

Mtindo wa kurusha

Johnson alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu kuliko kawaida. Hakuinua mkono juu ya kichwa kama warushaji wengi. Aliuzungusha kwa upande, usawa wa nyonga au juu kidogo, kwa mwendo laini usioonyesha kwamba alikuwa akitumia nguvu. Mpigaji wa mkono wa kulia aliuona mpira kama unatokea nyuma ya mgongo wake, kisha unamjia ubavuni. Kwa miaka mingi alitegemea karibu aina moja tu ya mpira, yaani mpira wa kasi ulionyooka. Wapigaji walijua utakuja, na bado hawakuweza kuupiga. Mpira wa kupinda aliuongeza baadaye.

Mwaka 1912 kasi yake ilipimwa katika kiwanda cha silaha cha Remington huko Bridgeport, Connecticut, kwa chombo kilichotengenezwa kupima kasi ya risasi. Matokeo yalikuwa futi 122 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 134 kwa saa. Kwa viwango vya leo tarakimu hiyo ni ndogo. Lakini chombo kilimlazimu kuulenga mpira upite mahali maalumu, na mazingira hayo hayakuwa ya uwanjani, hivyo haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na vipimo vya kisasa. Watu wa wakati wake hawakuwa na shaka kwamba alirusha kwa kasi kuliko mtu mwingine yeyote waliyewahi kumwona.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu Ray Chapman, mchezaji wa Cleveland. Inasemekana baada ya kupata straiki mbili kutoka kwa Johnson, Chapman aliweka gongo begani na kuanza kurudi kwenye benchi. Mwamuzi alipomkumbusha kwamba alikuwa na nafasi moja zaidi, alijibu kwamba hakuihitaji.

Hofu ya mrushaji

Warushaji wengi wenye kasi wametumia hofu ya mpigaji kama silaha. Johnson hakutaka kufanya hivyo. Aliamini kwamba mpira wake ukimpata mtu kichwani unaweza kumuua, na kwa hiyo hakurusha kwa makusudi karibu na kichwa cha mpigaji. Alipomgonga mtu alionekana kufadhaika. Husimuliwa pia kwamba timu yake ilipokuwa mbele kwa pointi nyingi alipunguza kasi, na kuna wapigaji wa zamani waliokiri kwamba aliwaachia mpira wa kupigika.

Ty Cobb aliugundua udhaifu huo na kuutumia. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alisogea karibu kabisa na bamba la nyumbani, mahali ambapo mpira wa ndani ungemgonga. Johnson, kwa kuogopa kumuumiza, alipeleka mipira upande wa nje hadi akajikuta amebanwa, kwani mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo halali mpigaji huenda besi ya kwanza bure. Hapo Cobb alirudi nyuma hatua moja na kusubiri mpira wa katikati ambao Johnson alilazimika kuurusha. Ni wapigaji wachache wa wakati huo waliofanikiwa dhidi ya Johnson kama yeye.

Hata hivyo takwimu zina upande wa pili. Pamoja na uangalifu wake wote, Johnson aliwagonga wapigaji 205, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine wa American League aliyeifikia. Sababu moja ni kwamba alirusha awamu nyingi mno, zaidi ya 5,900, hivyo wastani wake ni takriban mpigaji mmoja kila awamu 29. Sababu nyingine ni mwendo wa mkono wake wa upande na kasi iliyomnyima mpigaji muda wa kukwepa.

Wastani huo unaweza kulinganishwa na wa warushaji wawili wa miaka ya 1960 waliojulikana kwa kutisha. Don Drysdale, ambaye hakuficha kwamba aliwarudisha wapigaji nyuma kwa makusudi, aliwagonga 154, takriban mmoja kila awamu 22. Bob Gibson wa St. Louis Cardinals, ambaye uso wake tu uliwatia wapigaji wasiwasi, aliwagonga 102, takriban mmoja kila awamu 38. Mpole Johnson aliwagonga watu mara nyingi zaidi kuliko Gibson mkali. Tarakimu hizo zinaonyesha kwamba sifa ya kutisha haipimwi kwa hesabu ya waliogongwa. Gibson na Drysdale waliwafanya wapigaji waamini kwamba mpira ungeweza kuja mwilini wakati wowote. Johnson hakuhitaji kuwaaminisha chochote, kwa maana kasi yake ilitosha.

Alichokiogopa kilitokea mwaka 1920, lakini si kwa mkono wake. Tarehe 16 Agosti, jijini New York, mpira wa Carl Mays wa Yankees ulimgonga kichwani Ray Chapman, yule yule wa kisa cha straiki mbili. Chapman alifariki alfajiri ya siku iliyofuata. Ni mchezaji pekee wa ligi kuu aliyekufa kutokana na kugongwa na mpira wa mrushaji. Baada ya kifo hicho waamuzi walitakiwa kuondoa mchezoni mipira iliyochafuka na kupoteza weupe wake, kwa sababu mpigaji hakuweza kuiona vizuri. Hatua hiyo, pamoja na marufuku ya kupaka mpira mate iliyowekwa mwaka huohuo, iliwasaidia wapigaji. Zama ambazo mrushaji alitawala kila kitu zilikuwa zinakwisha, na zama za Babe Ruth zilikuwa zimeanza.

Miaka ya mashaka

Mwaka 1920 ulikuwa mgumu kwa Johnson pia. Tarehe 1 Julai, mjini Boston, alirusha mchezo wake pekee ambao wapinzani hawakupata pigo hata moja. Kosa moja la mlinzi Bucky Harris ndilo lililomzuia kuwatoa wapigaji wote bila mmoja kufika besi. Baada ya hapo bega lilianza kumuuma, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka 10 hakufikisha ushindi 20. Mwezi Desemba 1921 binti yake Elinor, mwenye umri wa miaka miwili, alifariki kwa mafua makali.

Wengi walidhani mwisho wake umefika. Mwaka 1923 alikuwa mrushaji wa kwanza kuwatoa wapigaji 3,000 kwa straiki, lakini alikuwa hajawahi kucheza fainali ya ubingwa, ile iitwayo World Series. Alikuwa amekaa misimu 17 katika timu ambayo haikuwahi kushika nafasi ya kwanza.

Ubingwa wa 1924

Mwaka 1924 Harris, akiwa na umri wa miaka 27, alikuwa mchezaji na kocha wa Senators kwa pamoja. Johnson, mwenye miaka 36, alishinda michezo 23 na kupoteza 7, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Timu ikapata nafasi ya kwanza na kukutana na New York Giants katika fainali. Watu wengi wasiokuwa mashabiki wa Washington waliiunga mkono kwa ajili yake.

Mambo hayakuanza vizuri. Johnson alipoteza mchezo wa kwanza kwa 4–3 baada ya awamu 12, na mchezo wa tano kwa 6–2. Ilionekana kwamba nafasi aliyoisubiri muda mrefu ilikuwa imempita.

Mchezo wa saba ulifanyika Washington tarehe 10 Oktoba, mbele ya Rais Calvin Coolidge. Katika awamu ya nane Senators walisawazisha kuwa 3–3. Mwanzoni mwa awamu ya tisa Harris alimwita Johnson, ambaye alikuwa amepumzika siku moja tu. Mpigaji mmoja alipokwisha kutolewa, Frankie Frisch alipiga mpira uliomfikisha besi ya tatu. Johnson alimtoa George Kelly kwa straiki, akamaliza awamu hiyo bila kuruhusu pointi. Akaendelea hivyo katika awamu ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili.

Mwishoni mwa awamu ya kumi na mbili Muddy Ruel wa Washington aliupiga mpira juu, karibu na bamba. Mdakaji wa Giants, Hank Gowdy, alijikwaa kwenye barakoa yake mwenyewe na kuukosa. Ruel, aliyepata nafasi ya pili, alipiga na kufika besi ya pili. Johnson mwenyewe alifuata kupiga, akafika besi ya kwanza kwa kosa la ulinzi. Kisha Earl McNeely alipiga mpira wa chini ulioelekea kwa Freddie Lindstrom. Mpira ulidunda vibaya ukapita juu ya kichwa chake, Ruel akakimbia nyumbani, na Washington ikawa bingwa kwa mara ya kwanza. Johnson aliandikiwa ushindi. Jiji la Washington halikupata ubingwa mwingine wa World Series hadi mwaka 2019.

Miaka ya mwisho uwanjani

Mwaka 1925 Senators walirudi fainali dhidi ya Pittsburgh Pirates. Johnson alishinda mchezo wa kwanza na wa nne, lakini mchezo wa saba, uliochezwa katika mvua na tope, alipoteza kwa 9–7. Harris alilaumiwa kwa kumwacha uwanjani hadi mwisho. Mwaka huo huo Johnson alipata wastani wa .433 kama mpigaji, jambo la nadra sana kwa mrushaji.

Mazoezini mwanzoni mwa 1927 mpira uliopigwa na mwenzake ulimvunja mguu. Alirudi uwanjani lakini nguvu zake zilikuwa zimepungua. Mara ya mwisho alipoingia katika mchezo rasmi ilikuwa tarehe 30 Septemba 1927, tena si kama mrushaji bali kama mpigaji wa akiba, na mpira alioupiga ulidakwa na Babe Ruth. Ni mchezo huohuo ambao Ruth alifikisha mapigo 60 ya kuzunguka besi zote kwa msimu mmoja.

Kwa jumla Johnson alishinda michezo 417 na kupoteza 279, kwa wastani wa pointi 2.17. Aliwatoa wapigaji 3,509 kwa straiki na kuongoza ligi kwa takwimu hiyo katika misimu 12. Rekodi yake ya straiki ilidumu zaidi ya nusu karne, hadi Nolan Ryan alipoivunja mwaka 1983.

Katika kupima rekodi hizo inafaa kukumbuka kwamba wakati wote wa uchezaji wake ligi kuu ziliwafungia milango wachezaji weusi. Mlango huo ulifunguliwa na Jackie Robinson mwaka 1947, miezi michache baada ya kifo cha Johnson. Kwa hiyo baadhi ya wapigaji bora wa Marekani hawakupata kusimama mbele yake katika mchezo rasmi wa ligi.

Maisha ya baadaye na kifo

Johnson alifundisha timu ya Newark mwaka 1928, Senators kuanzia 1929 hadi 1932, na Cleveland Indians kuanzia 1933 hadi 1935. Timu zake zilishinda zaidi ya nusu ya michezo, lakini hakupata ubingwa, na wapo waliosema alikuwa mpole mno kwa kazi hiyo. Mke wake Hazel alifariki Agosti 1930, akamwachia watoto watano. Johnson hakuoa tena.

Mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa watu watano wa kwanza kuchaguliwa katika Jumba la Umashuhuri la Besiboli, pamoja na Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner na Christy Mathewson. Alikaa katika shamba lake huko Germantown, Maryland, akatangaza michezo ya Senators redioni mwaka 1939, na akachaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya Kaunti ya Montgomery. Mwaka 1940 aligombea ubunge kwa chama cha Republican akashindwa.

Tarehe 23 Agosti 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alikwenda Yankee Stadium kumrushia Babe Ruth mipira ya maonyesho ili kuchangisha fedha kwa ajili ya familia za wanajeshi. Johnson alikuwa na miaka 54. Watazamaji zaidi ya 60,000 walihudhuria.

Alifariki jijini Washington tarehe 10 Desemba 1946 kutokana na uvimbe katika ubongo, akiwa na umri wa miaka 59. Amezikwa Rockville, Maryland, kando ya mke wake. Shule ya sekondari ya Walter Johnson huko Bethesda, iliyofunguliwa mwaka 1956, inaitwa kwa jina lake.